Kusoma Mihuri ya Pili kwenye Sarafu za Kirumi

Mtu akishika kwa mara ya kwanza sarafu ya Kirumi yenye muhuri uliogongwa juu ya picha, jicho lake hukimbilia herufi. Anaona V, anaona A, anaona kitu kama R, na kabla hajaigeuza upande wa pili keshaamua kwamba ni muhuri wa Varus, yule jemadari aliyeangamia pamoja na lejioni tatu katika misitu ya Ujerumani mwaka 9 baada ya Kristo. Huenda yuko sahihi. Ila amefika hapo kwa njia ambayo siku nyingine itampoteza, kwa sababu katika mihuri hii hakuna kinachodanganya kama herufi. Nyingine zimefutika, nyingine zimeshikana, nyingine zimegongwa kichwa chini, na nyingine zimetiwa na mtu wa juzi aliyetaka bei ipande.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, na yote yanayofuata yamejengwa juu yake: herufi zisome mwisho. Anza na sarafu yenyewe, kisha umbo la muhuri, kisha mahali ulipogongwa na jinsi ulivyochakaa. Ukifika kwenye herufi, majibu mengi yasiyowezekana yatakuwa yameshajiondoa.

Sarafu ya Kirumi ilipatikana kwa kuweka kipande cha madini kati ya kalibu mbili na kukipiga nyundo. Muhuri wa pili ulikuja baadaye, pengine baada ya miezi, pengine baada ya vizazi viwili. Mtu alishika kifimbo cha chuma kigumu kilichochongwa alama kwenye ncha yake, akakisimamisha juu ya sarafu iliyokwisha kupita mikono mingi, akapiga mara moja. Kilichobaki ni kishimo kidogo chenye ukingo wa mstatili, duara au yai, na ndani ya kishimo hicho herufi au picha imeinuka. Ifikirie kama pasi ya kusafiria: kitabu kilitolewa mahali fulani tarehe fulani, na mihuri ya mipakani ikafuata kila mmoja na habari zake. Ndiyo maana sarafu moja yaweza kuwa na mihuri miwili au mitatu ya tawala tofauti.

Kwa nini waligonga? Wakati mwingine ilikuwa kuthibitisha kwamba sarafu kuukuu bado inafaa. Wakati mwingine ilikuwa kuibadilishia thamani. Majemadari waligonga sarafu walizowagawia askari. Miji ilizipokea fedha za miji mingine kwa kuzitia alama yake. Na nyakati za maasi, muhuri ulikuwa tusi kwa mtawala aliyechorwa hapo. Desturi yenyewe haikufa na Warumi. Huku kwetu, Wareno wa Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 waligonga herufi PM chini ya taji kwenye rupia za India na riale za Maria Theresa, kwa sababu zinazofanana sana na hizo.

Sasa tuje kwenye kuangalia. Taa ya dari haifai kitu hapa. Zima zote, washa taa moja ya mezani au tochi ya simu, uishushe mpaka mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, karibu sambamba na uso wake. Kivuli ndicho kinachosoma. Kisha usizungushe taa; zungusha sarafu, polepole, mzunguko mzima, kwa sababu aliyegonga hakujali sana muhuri wake umesimama au umelala ukilinganisha na kichwa cha Kaisari. Piga picha nne, kila moja baada ya robo mzunguko, uziweke pembeni pa nyingine. Tumia kioo cha kukuzia mara 10 tu. Ukikuza zaidi ya hapo utaanza kuona mikwaruzo kana kwamba ni herufi.

Na tafadhali, usiisafishe. Nyumbani tumezoea kung'arisha sinia na mabuli ya shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, yakatoka yanameta. Sarafu ya miaka 2,000 ukiifanyia hivyo umeifuta. Utandu ule wa kijani au kahawia uliotanda juu yake umechukua karne nyingi kujengeka, na tutakapofika kwenye mihuri ya uongo utaona kwamba ndio shahidi wako mkuu. Udongo mkavu utoe kwa maji safi na kijiti cha mti laini. Basi.

Jambo la kwanza la kuangalia ukishawasha taa ni upande wa nyuma, mahali panapoelekeana na muhuri. Sarafu iliyogongwa ikiwa imelazwa juu ya fuawe au gogo gumu huacha bapa upande wa pili: picha ya hapo imepondeka, imekuwa tambarare kuliko jirani zake. Ukiliona bapa hilo, umepata ushahidi kwamba pigo lilikuwepo. Usipoliona, usikate tamaa mara moja, kwani pigo jepesi kwenye sarafu nene laweza lisifike ng'ambo, lakini anza kujiuliza maswali.

Yako mambo kadhaa yanayofanana na muhuri wa pili na siyo. Dinari za fedha za enzi ya Jamhuri, na hasa zile alizotoa Marcus Antonius kuwalipa askari wake miaka ya 32 na 31 kabla ya Kristo, zimejaa vidoti, vijimwezi na vialama vidogo vidogo vilivyopigwa na wavunja fedha waliotaka kujua kama ndani ni fedha tupu au shaba iliyopakwa. Alama hizo ni za watu binafsi, hazina fremu, na sarafu moja yaweza kubeba hata tano. Mkato mrefu wa patasi ukingoni ni jaribio la namna hiyohiyo. Kalibu iliyopasuka huacha mstari ulioinuka, haiachi kishimo. Na ukikuta tai mdogo wa fedha amepachikwa kwenye sarafu ya shaba, huyo hana uhusiano wowote na Roma: ni alama ya mkusanyo wa familia ya kitajiri ya Italia, zamani ukidhaniwa ni wa akina Gonzaga na sasa wengi wakisema ni wa akina Este.

Kisa kimoja cha kufurahisha ni namba XLII na LXXXIII. Utazikuta zimechorwa kwa patasi, mstari kwa mstari, kwenye sarafu kubwa za shaba za karne ya 1, mara nyingi za Vespasian na wanawe. Zinapatikana Italia na Afrika ya Kaskazini, na kazi hiyo ilifanyika kama miaka 400 baada ya sarafu kutoka kiwandani, enzi ambazo Wavandali walikuwa wanatawala Carthage na Wagothi Italia. Namba hizo ni thamani: numi 42 na numi 83, numi ikiwa kijisarafu kidogo kabisa cha zama hizo. Wataalamu huzitaja pamoja na mihuri ya pili ingawa hazikugongwa kwa muhuri. Mimi huziweka kwenye kisanduku chake, kwa sababu mbinu ya kuzichunguza ni nyingine: huku unatazama mikato, si umbo la kifaa.

Turudi kwenye sarafu yenyewe. Ipime uzito kwa mizani ndogo kama ya sonara, na kipenyo kwa rula. Seste, sarafu kubwa ya shaba njano, ilikuwa na gramu 25 hivi. Dupondi, nayo ya shaba njano, ilikuwa nusu ya seste kwa thamani, na gramu 12 au 13. Asi ilikuwa ya shaba nyekundu, gramu 10 au 11, nusu ya dupondi. Dinari moja ya fedha ilikuwa sawa na seste 4 au asi 16. Usijali kama sarafu yako imepungua, uchakavu hula. Unachotaka ni kujua uko kwenye daraja gani, ni ya nani, na ilitoka mji gani, kwa kadiri ilivyobaki ya kusomeka.

Faida yake ni hii: muhuri hauwezi kuwa mkubwa kwa umri kuliko sarafu inayoubeba. Hapo ndipo mlango wa kwanza wa tarehe unapofungwa. Mlango wa pili huufunga mwenyewe aliyegonga, kama anajulikana, au ardhi ambamo sarafu iliokotwa. Na mfano ulio wazi kuliko yote ni huohuo wa Varus.

Publius Quinctilius Varus alipelekwa kutawala Germania mwaka 7. Kabla ya hapo aliwahi kuwa gavana wa jimbo la Afrika, nchi ya Tunisia ya leo, kisha Syria. Mwaka 9 aliingia kwenye mtego wa Arminius, kiongozi wa Wajerumani, akajiua, na lejioni za XVII, XVIII na XIX zikafutika. Kwa karne nyingi watu walibishana mahali palipotokea maafa hayo. Mwaka 1987 Tony Clunn, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa na kifaa cha kutafutia madini, alianza kuibua sarafu pale Kalkriese, karibu na Osnabrück. Miongoni mwa zilizopatikana kwenye eneo hilo ni asi za Augustus zilizofuliwa Lugdunum, mji unaoitwa leo Lyon, na nyingi zina mihuri. Muhuri wa VAR ulikuwemo. Basi tuna muhuri ambao haukuanza kabla ya mwaka 7 na haukuendelea baada ya mwaka 9. Tarehe ya namna hiyo ni adimu mno kwenye fani hii.

Tuseme sarafu ya aina hiyo iko mkononi mwako. Upande wa kichwa kuna Augustus amevaa shada la majani akitazama kulia, na kumzunguka maandishi CAESAR PONT MAX, ingawa huenda utabahatika kuona PONT peke yake. Upande wa nyuma kuna madhabahu kubwa ya Lugdunum katikati ya nguzo mbili, juu ya kila nguzo mungu wa Ushindi mwenye mabawa, na chini yake ROM ET AVG. Hayo uyatambue kwanza. Kisha tafuta mstatili. Ndani ya mstatili usitegemee kuona herufi tatu zilizopangana kama kwenye bango. Mkono wa kulia wa V ndio huohuo mguu wa kushoto wa A, na mguu wa kulia wa A umeazimwa kuwa uti wa mgongo wa R. Kinachoonekana ni kama uzio wa mistari ya kupinda huku na huku, wenye kitumbo kidogo mwishoni. Kitumbo hicho cha R ndicho cha kukitafuta. Kikikosekana una VA tu, au una kitu kingine kabisa.

Sarafu hizi vilevile zilikatwa nusu kwa patasi ili kupata chenji, na za mji wa Nemausus, zile zenye mamba aliyefungwa kwenye mtende, zilikatwa hivyo kwa wingi. Ukipata nusu yenye muhuri, angalia kama mkato umepita katikati ya muhuri au muhuri umekaa mzima ndani ya nusu. Mkato ukipita juu ya muhuri, aliyegonga alitangulia na mkataji akafuata. Muhuri mzima uliokaa katikati ya nusu unaonyesha kwamba huenda sarafu ilikuwa imeshakatwa. Ni jambo dogo, na wauzaji wengi hawalitaji.

Sasa ona jinsi sarafu inavyokulinda. Akija mtu na asi ya Tiberius akiwa Kaisari, au ya Claudius, ina muhuri wa VAR, huna haja ya kufungua kitabu. Tiberius alishika madaraka mwaka 14, Varus alikuwa ameshakufa miaka mitano. Ama umesoma vibaya, ama kuna mtu amekutengenezea. Kwenye asi zilezile za madhabahu utakuta pia IMP, AVG, TIB na C VAL, huyo wa mwisho akihusishwa na Numonius Vala, msaidizi wa Varus aliyekimbia na wapanda farasi siku ya vita. Ukiwa na kiherufi kimoja au viwili tu vinavyoonekana, orodha hiyo fupi inatosha kukuweka kwenye njia.

Herufi zilizoshikana si za VAR pekee. Kwenye dinari kuukuu, za Jamhuri, za Antonius na hata za Augustus, upo muhuri mdogo wa mstatili unaosomeka IMP VES, V na E zikiwa zimeungana. Huo ni wa Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79, na wataalamu wengi huuweka Ephesus. Fikiria umri: dinari ya Antonius ilikuwa na miaka 100 na zaidi ilipogongwa. Ilikuwa imelainika kama kifungo, na muhuri ndio uliowaambia watu waendelee kuipokea. Kwa hiyo IMP VES iliyo kali kuliko picha inayoizunguka ni jambo la kawaida, wala isikushtue.

Uchakavu, kwa kweli, ni saa ya pili. Linganisha hali ya muhuri na hali ya sarafu. Sarafu imekwisha na muhuri uko mpya: ilizunguka muda mrefu, ikagongwa, kisha ikapotea au ikafukiwa mapema. Vyote viwili vimechakaa sawasawa: iligongwa ikiwa bado changa, ikaendelea kufanya kazi. Muhuri umechakaa kuliko sarafu: hilo haliwezekani, isipokuwa kama pigo lilikuwa hafifu au kifaa chenyewe kilikuwa kimechoka. Na mihuri miwili ikipandiana, uliovunjwa ukingo wake ndio wa kwanza.

Muhuri utakaokutana nao sana kwenye shaba za Italia ni NCAPR, katika mstatili mrefu. Wasomi wamebishana juu yake kwa vizazi. Wapo wanaosoma N ya mwanzo kuwa Nero, wapo wanaosoma Nerva. PR ya mwisho wengine huifanya *probavit*, yaani "ameithibitisha", na wengine *populo Romano*, kwa watu wa Roma, kana kwamba ni fedha za kugawiwa wananchi. Mimi niko upande wa Nero, na sababu yangu haitoki kwenye herufi. Muhuri huu hukutwa hasa kwenye sarafu za Tiberius, za Claudius na za jamaa zao. Ungekuwa wa Nerva, aliyetawala mwaka 96 hadi 98, tungetegemea kuuona kwa wingi kwenye shaba za Vespasian, Titus na Domitian, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimejaa sokoni siku zake. Tena inajulikana kwamba kiwanda cha Roma kilikaa muda mrefu bila kufua shaba mpya, mpaka Nero alipokirudisha kazini karibu mwaka 64. Mtawala mwenye upungufu wa chenji ana kila sababu ya kuzipitisha upya zile za zamani. Hata hivyo, kwenye daftari andika NCAPR, usiandike "muhuri wa Nero". Ulichokiona ni herufi tano. Maoni yaandike kwenye mstari wake.

Upungufu huohuo uliwafanya watu wa Gaul na Britania kujifulia wenyewe sarafu za kuiga zenye sura ya Claudius, nyingine zikiwa nyepesi kupita kiasi. Humo utakuta PROB, na pia DV au DVP, ambayo ni amri kwamba hii inayojiita seste ihesabiwe kuwa dupondi. Hapo mizani ndiyo msomaji mzuri kuliko macho: seste ya gramu 14 yenye kishimo cha mstatili, hata kama herufi zimekwisha, inakuambia mengi.

Kwa upande wa siasa, shika mwaka 68. Vindex, gavana aliyekuwa Gaul, aliasi dhidi ya Nero, na shaba za Nero zilizofuliwa Lugdunum zikaanza kugongwa SPQR, seneti na watu wa Roma. Kwenye baadhi yake muhuri umetua shingoni mwake. Anayegonga ili kuthibitisha sarafu ana nafasi tele pembeni pa kichwa. Anayechagua shingo ana jingine moyoni. Kwa hiyo mahali pa muhuri andika kila mara, hata kama leo hupaoni kuwa na maana.

Ukivuka kwenda Mashariki, mambo hubadilika: shaba zilifuliwa na miji, maandishi mengi ni ya Kigiriki, na mihuri ni mamia kwa mamia. Kitabu cha Christopher Howgego cha mwaka 1985 kimeorodhesha zaidi ya 800. Humo mna vichwa vya watawala, miungu, wanyama, nyota, mashada, namba. Muhuri unaopendwa sana na wakusanyaji ni wa Lejioni ya Kumi, Fretensis, iliyowekwa kambi Yerusalemu baada ya mji kubomolewa mwaka 70. Muhuri wake ni LXF, au XF, na mingine ina nguruwe mwitu, merikebu au pomboo, alama za lejioni hiyo. Sarafu zinazoubeba mara nyingi zimesagika kiasi kwamba hazina sura wala jina. Hapo kanuni yangu ya kuanza na sarafu inakaribia kugonga ukuta, na unabaki na uzito, kipenyo, unene na rangi ya madini. Usizidharau hizo nne. Na usikubali mtu akuuzie kijisahani cha shaba chenye mkwaruzo unaofanana na X kwa jina la lejioni. Dai L au F ionekane, au picha.

Tahadhari moja ya Mashariki ambayo huwachanganya hata wazoefu: herufi za Kilatini na za Kigiriki hugeukiana. L ukiilaza robo mzunguko kuelekea kulia inakuwa Γ, ambayo kwa Wagiriki ni namba 3. V ikipinduliwa ni Λ, namba 30. C ya nyakati hizo yaweza kuwa S ya Kigiriki. E yaweza kuwa herufi ya jina, na yaweza kuwa namba 5, kama kwenye shaba za Side huko Pamphylia za karne ya 3, ambako ilionyesha thamani. Unajuaje? Hujui kwa kuitazama E. Unajua kwa kujua sarafu imetoka Side.

Siwezi kuacha Stratonikeia ya Karia. Huko zilifuliwa shaba kubwa zenye nyuso mbili zinazotazamana, Caracalla na ndugu yake Geta. Mwishoni mwa mwaka 211 Caracalla alimuua Geta na kuamuru kumbukumbu yake ifutwe. Kwenye sarafu hizo uso wa Geta umekwanguliwa, upo utupu mbele ya kaka yake, na wakagonga mihuri miwili: kichwa chenye kofia ya vita na mstatili wenye ΘΕΟΥ. Hapo una matukio matatu juu ya kipande kimoja cha shaba, na ukitazama kwa taa ya ubavuni unaweza kuyapanga. Sijui sarafu inayofundisha zaidi ya hiyo.

Sasa wadanganyifu. Tangu Kalkriese ipate umaarufu, asi ya kawaida isiyo na sura ikitiwa VAR hupanda bei kwa kishindo, na kuna wanaoijua hesabu hiyo. Sarafu yao ni halisi. Muhuri ndio wa leo. Angalia utandu. Kwenye muhuri wa kale, utandu hushuka ndani ya kishimo, hupanda kwenye herufi na kutoka upande wa pili bila kukatika, kwa rangi na unene uleule. Ukigonga sarafu yenye utandu wa kale, utandu huvunjika: utaona nyufa nyembamba zikitawanyika kutoka ukingoni, madini mapya yanayong'aa kwenye pembe, au rangi iliyopakwa kuficha hayo. Rangi iliyopakwa hujaa kwenye vishimo na hukimbia kwenye sehemu zilizoinuka. Ukingo wa kale una ulaini wa kitu kilichokaa ardhini. Ukingo wa jana hukwaruza ukucha. Na sarafu iliyosafishwa mpaka imekuwa nyekundu tupu, yenye VAR kali katikati, iache mezani kwa muuzaji, hata akiapa.

Muulize pia imetoka wapi. Nchi nyingi zenye ardhi iliyokuwa ya Roma zina sheria kali juu ya vitu vinavyochimbuliwa, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 umewafanya wauzaji wenye sifa kutunza risiti na orodha za minada ya zamani. Mwenzetu anayeishi London, Brussels au Toronto na kununua mnadani ana haki ya kuziomba karatasi hizo kabla ya kulipa.

Kuandika kumbukumbu kunahitaji nidhamu kidogo. Kila sarafu na ukurasa wake: ni ya nani, mji, daraja, uzito hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipenyo, muhuri uko upande gani na wapi, umbo la kishimo, urefu na upana kwa milimita, herufi kama zilivyo, kwa nukta mahali pasiposomeka, bapa lipo au halipo nyuma, utandu umekatika au haujakatika. Mwelekeo wa muhuri wengi huutaja kwa namba za saa, na hapa msemaji wa Kiswahili ajihadhari, maana "saa tatu" ya kwetu mshale uko kwenye 9. Andika "kwenye 9" au chora duara uweke alama. Mchoro wa penseli una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkono ukichora hulazimika kuamua kila mstari unatoka wapi kwenda wapi.

Ndipo ufungue vitabu. Kwa mihuri ya miji ya Mashariki, Howgego. Kwa ile ya Kilatini tangu Augustus hadi Vespasian, orodha ya mkusanyo wa Pangerl aliyoitoa Rodolfo Martini mwaka 2003 ina picha nyingi. Kwa sarafu za miji na majimbo kuna kazi kubwa ya Burnett, Amandry na Ripollès, juzuu ya kwanza ya mwaka 1992, na sehemu kubwa ya mradi huo sasa inasomeka bure kwenye intaneti, na mihuri imetajwa chini ya kila aina ya sarafu. Tafuta kwa sarafu, siyo kwa muhuri. Ukijua una shaba ya Sebaste, mihuri iliyowahi kuonekana kwenye shaba za Sebaste ni michache, na kulinganisha hakuchukui jioni nzima.

Na usipoupata, andika "haujasomeka" na tarehe ya leo, kisha upeleke picha kwa idara ya sarafu ya jumba la makumbusho lenye mkusanyo wa Kirumi. Wapelekee pande zote mbili, mwanga ukitoka kushoto juu, rula ikionekana kwenye picha, na uzito umeandikwa chini. Wanaopokea maswali hayo kila wiki hujibu kwanza barua zenye uzito.